Jumatatu Niliyoiwahi Mno

Nilipofumbua macho, saa ya ukutani ilionyesha saa 12 na dakika 20, na dirishani kulikuwa na mwanga ule wa kijivu usioeleweka kama unakuja au unaondoka. Jumamosi nilikuwa nimekesha harusini, nikarejea chumbani kwangu Mbagala Jumapili mchana na kujitupa kitandani. Dar es Salaam jua huchomoza na kutua karibu na saa 12, kwa hiyo saa ya mishale haikunipa msaada wowote. Akili ikaamua yenyewe kwamba ni Jumatatu asubuhi na nimechelewa kazini.

Niliogea maji robo ndoo, nikapiga mswaki huku nikivaa suruali, jambo ambalo simshauri mtu, kwani dawa ya meno iliishia kwenye zipu. Barazani nilimkuta baba mwenye nyumba akicheza bao na wenzake.

"Shikamoo mzee, umeamkaje?"

Aliitikia marahaba, akanitazama kuanzia tai hadi viatu, kisha akarudia kete zake. Nilijisemea kwamba wazee wa siku hizi wanaanza bao mapema mno.

Wakati huo mwendokasi ulikuwa bado haujafika Mbagala, na asubuhi pale Rangi Tatu watu waliingia kwenye daladala kwa kupitia madirishani. Siku hiyo nilichagua kiti, tena cha dirishani, nikamshukuru Mungu badala ya kujiuliza. Magari yaliyotoka mjini yalikuwa yamefurika, nami nikawahurumia abiria wake nikidhani ni walinzi wanaotoka lindo. Tulipofika Mtoni giza lilikuwa limezidi badala ya kupungua. Nikasema moyoni kwamba leo mvua itatunyeshea kweli.

Mlinzi wa ofisini nilimkuta akila wali maharage.

"Bosi, umesahau nini?"

"Sijasahau kitu. Nimewahi kazini."

Alikiweka kijiko chini taratibu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, akanionyesha simu yake: Jumapili, saa 2 kasoro usiku.

Niliporudi wale wazee walikuwa bado barazani, na ilinibidi nieleze. Walicheka hadi kete zikamwagika, isipokuwa baba mwenye nyumba, aliyenitetea kwamba kwa hesabu ya wazee wa pwani siku huanza jua linapotua, hivyo Jumatatu ilikuwa imekwisha kuingia.

Usingizi ulinijia karibu na alfajiri. Saa 2 na nusu asubuhi nilitoka mbio, shati halijafungwa vifungo, nikampita mzee akinywa kahawa yake.

"Shikamoo!"

"Marahaba mwanangu. Umeshindaje?"