Adhana Chini ya Yarigatake

Mwenzangu niliyepanda naye mlima ameshawatangazia kwamba niliwaamsha Wajapani wote na kuwaswalisha safu moja, kwa hiyo naona ni heri niseme mwenyewe kabla hajaongeza mimbari. Safu aliyoipiga picha ilikuwa foleni ya choo.

Mliokwisha kulala katika nyumba za wapanda milima za Japani mnazijua: chakula cha jioni huliwa mnamo saa 11, taa huzimwa saa 3 au hata saa 2 usiku, na wageni hulazwa bega kwa bega kama samaki walioanikwa. Kwenye njia itokayo Kamikochi kwenda kilele cha Yarigatake, chenye mita 3,180, hata kuchakarisha mfuko wa plastiki usiku ni utovu wa adabu. Kiangazi, alfajiri ya huko huingia karibu saa 9 usiku, jambo ambalo simu yangu ililijua. Mimi nilikuwa nimezima mtandao ili kutunza chaji, nikadhani na simu imenyamaza.

Takbira ya kwanza iliponifikia, nilijihisi niko kwetu Tanga. Ya pili ikanirudisha Japani. Simu ilikuwa chini kabisa ya shanta, ndani ya mifuko miwili niliyoifunga fundo kwa hofu ya mvua, na shanta yenyewe ilikuwa ukutani, ng'ambo ya miguu ya watu nisiowajua. Nikawasha taa ya kichwani, ikammulika usoni mzee mmoja ambaye tayari alikuwa akinitazama kwa utulivu wa kutisha. Nikaivuta shanta, na kengele ya kufukuzia dubu, ambayo kila mstaarabu huivua mlangoni, ikaanza kulia nayo. Fikirini, ndugu zangu: adhana, kengele na mifuko, katika chumba ambamo hakuna hata aliyeguna. Fundo la kwanza likafunguka; la pili likakaza. Muadhini, mwenye sauti nzuri ya kuvuta, hakuwa na haraka, na nilipoishika simu alikuwa amefika pale pa kuwajulisha waliolala kwamba sala ni bora kuliko usingizi.

Nikaizima, nikatoka, nikaswali juu ya changarawe kwa baridi niliyostahili. Kifungua kinywa nilikula nikiangalia bakuli tu. Wakati wa kuondoka yule mzee aliniinamia, nami, shanta ikiwa mgongoni, nikamwinamia kwa adabu zote hadi kiunoni, na kengele ikalia.