Mtaji wa Kwanza ni Ankara Iliyolipwa

Wiki iliyopita mteja wangu mpya hapa Hamburg, mwenye ghala la vipuri vya baiskeli, aliniingizia nusu ya malipo ya mfumo wa kompyuta ambao sijauandikia hata mstari mmoja. Hakuuliza ofisi yangu iko wapi wala namjua nani. Alisoma mkataba, akasaini, na siku chache baadaye fedha ilikuwa benki. Nilifurahi, kisha nikakasirika, kwa sababu kila nikizungumza na vijana wa Dar es Salaam wanaotaka kuanzisha kampuni za programu, swali lao ni lilelile: mwekezaji nitampata wapi?

Kampuni ya programu haihitaji kiwanda. Inahitaji mishahara ya miezi michache, umeme na bando, na anayefaa zaidi kuvigharamia ni mteja mwenyewe. Mailchimp, huduma ya kutuma barua pepe za matangazo ya biashara, ilianza mwaka 2001 ndani ya kampuni ndogo ya kutengeneza tovuti mjini Atlanta, ikakua kwa fedha za wateja, na iliponunuliwa na Intuit, kampuni ya Marekani ya programu za uhasibu, mwaka 2021 kwa takriban dola bilioni 12 haikuwa imewahi kuchukua fedha za wawekezaji wa nje.

Kwetu njia hiyo inazibwa na jambo ambalo sote tumelionja: mteja halipi kwa wakati. Kabla sijaondoka tuliitengenezea hospitali moja binafsi mfumo wa mapokezi. Wagonjwa walikuwa wakiandikishwa humo kila asubuhi, huku mhasibu akituambia kwamba bosi amesafiri, hundi haijasainiwa, tupite wiki ijayo. Na kwa aliyesajiliwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ritani (taarifa ya kodi hiyo pamoja na malipo yake) inadaiwa tarehe 20 ya mwezi unaofuata, fedha ya mteja iwe imeingia au haijaingia. Kwa maneno mengine, kijana asiye na kitu anamkopesha tajiri bila riba, halafu tunamwita kijana huyo mvivu wa kutafuta mtaji.

Najua nitaambiwa naringa, na kwamba Ujerumani ni nchi tajiri, nisiifananishe na kwetu. Siupimi utajiri. Hapa mfanyabiashara akipitisha siku 30 tangu ankara ilipomfikia na muda wake wa kulipwa kufika, sheria inamhesabu amechelewa, isipokuwa mkataba unasema vingine. Anadaiwa riba ya pointi 9 za asilimia juu ya riba ya msingi, pamoja na euro 40 za usumbufu. Sheria hiyo isingetungwa kama Wajerumani wangekuwa malaika. Imetungwa kwa sababu nao huchelewesha wakiachiwa, na kuandika kanuni ya namna hiyo hakuhitaji mgodi wa dhahabu, ambao isitoshe sisi tunao.

Mwingine atasema Waswahili hatuaminiani. Hilo silikubali hata kidogo! Mama zetu wa Temeke wanacheza mchezo, ule wa kuchangiana fedha na kupokea kwa zamu, miaka nenda rudi bila wakili wala dhamana, na sijawahi kumwona Mjerumani akimkabidhi jirani yake mshahara wa mwezi namna ile. Nawafahamu vijana wanne wa Sinza, wote waajiriwa, waliouchukua utaratibu huo wakaugeuza mfuko wa kampuni: anayefikiwa na zamu hupokea chungu chote, huomba likizo bila malipo, na hutumia muda huo kuandika programu yao ya kusimamia maduka ya dawa. Huo ni ubunifu wa fedha ambao ningeueleza kwa fahari mbele ya benki yoyote ya hapa. Kinachoniuma ni kwamba mtu huyohuyo asiyethubutu kukosa mchezo wa Jumamosi anaweza kuikalia ankara ya vijana hawa tangu Ramadhani hadi Krismasi.

Siku hizi mikataba ya vijana hao wa Sinza inadai asilimia 40 kabla ya kazi kuanza, na funguo za mfumo hukabidhiwa baada ya malipo ya mwisho. Baadhi ya wenye maduka wamewaita wajeuri na kuondoka. Waliobaki wanalipa, na kwa fedha yao wawili kati ya wale wanne wameshaacha kazi.