Walifuata Nini Porini?

Kila zinapovuka mto Ruvuma habari za askari wanaotuhumiwa kuua au kutesa raia huko Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, katika baraza la kahawa ninaloketi hapa Mikindani huulizwa kwanza swali lile lile kuhusu raia hao: kama hawakuwa na kosa, walifuata nini porini? Mwulizaji mara nyingi ni mtu mwema, mwenye ndugu upande wa Msumbiji kama tulivyo wengi wetu, na ndiyo maana swali lake hunisumbua.

Hofu iliyo nyuma yake naielewa. Septemba 2020 ilisambaa video ya watu waliovaa sare za jeshi wakimpiga mwanamke aliye uchi, kisha wakamuua kwa risasi, na serikali ya Msumbiji ikakana kwamba walikuwa askari wake. Mwezi uliofuata wapiganaji wa uasi wa Cabo Delgado wakavuka mto na kushambulia Kitaya, humu humu mkoani Mtwara, wakaua watu na kuchoma nyumba. Baada ya hapo nani alikuwa na moyo wa kumzungumzia mwanamke yule? Machi 2021 shirika la Amnesty International lilipotoa ripoti iliyowatuhumu wapiganaji, majeshi ya serikali na kampuni binafsi ya ulinzi kwa pamoja, barazani tuliwajadili wapiganaji peke yao.

Lakini sisi si wageni wa jambo hili. Tarehe 22 Mei 2013, hotuba ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ilipothibitisha kwamba bomba la gesi ya Mtwara litakwenda Dar es Salaam, mji wa Mtwara ulilipuka, nyumba na ofisi zikachomwa, jeshi likaingia, na yakafuata madai ya raia kupigwa. Nakumbuka jinsi tulivyochukia kuambiwa na wenzetu wa mikoa mingine kwamba asiyefanya fujo hakuguswa. Waliochoma nyumba walistahili kufikishwa mahakamani, hilo sina ubishi nalo. Bado swali la nani alipigwa, na kwa amri ya nani, lilihitaji jibu la peke yake.

Mwaka huo huo nchi ilionyesha kwamba swali la namna hiyo linaweza kuulizwa bila nchi kubomoka. Operesheni Tokomeza, iliyowashirikisha wanajeshi katika kuwasaka majangili, ilisitishwa baada ya wabunge, wakiwamo wa chama tawala, kueleza mateso, mauaji na udhalilishaji uliodaiwa kuwapata wananchi wao, na ripoti ya kamati ya Bunge iliyosomwa Desemba iliwang'oa mawaziri wanne. Sikumbuki mtu aliyedai kwamba Bunge lilikuwa likiwatetea majangili. (Ingawa barazani, kusema kweli, yupo aliyejaribu.)

Mwaka 2024 zilichapishwa habari kwamba katikati ya mwaka 2021 askari wa Msumbiji waliwafungia wanaume ndani ya makontena karibu na mradi wa gesi wa Afungi, huko huko Cabo Delgado, na kwamba wengi wao waliuawa. TotalEnergies, kampuni yenye mradi huo, ilisema haikuwa na habari za tukio hilo, na Machi 2025 waendesha mashtaka wa Msumbiji walifungua uchunguzi. Kwa mujibu wa habari hizo, wanaume wale walikuwa wanavijiji waliokuwa wakikimbia mapigano baada ya mji wa jirani wa Palma kushambuliwa. Wapo barazani petu wanaozungumza kwa simu na watu wa Palma, kwa Kiswahili au Kimakonde. Wangeweza kuwauliza wao walifuata nini porini.