Tafadhali, msituletee kome wa kusafisha ziwa

Wiki iliyopita nilikuwa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba hapa Mwanza, nasubiri mama mmoja anipimie sado mbili za dagaa, kijana mpakiaji akanisogezea simu yake. Video: matangi mawili ya kioo, yote yamejaa maji ya kijani kama yanayotukera huku ghubani, Ziwa Victoria. Moja limewekwa kome, jingine halina kitu. Baada ya saa chache lile la kome limekuwa jeupe pee, unaona mpaka ukuta wa nyuma. "Kaka, hawa wakiletwa hapa, Mwanza inakuwa Zanzibar." Waliokuwa karibu wakaafiki. Mmoja akauliza serikali inangoja nini.

(Ndugu zangu wa Buchosa, nazungumzia kome wa magamba mawili, si kisiwa chenu cha Kome.)

Video haidanganyi. Kome mmoja aliyekomaa, wa ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, anaweza kuchuja kama lita moja ya maji kwa siku. Anavuta maji, anabakiza chakula, anatoa maji. Ugomvi wangu uko kwenye hicho anachobakiza. Ukijani tunaouita uchafu ni vijimea vidogo mno, na vingi kati yake ni chakula. Vijimea vinaliwa na vijidudu vya majini, vijidudu vinaliwa na dagaa, dagaa analiwa na sangara na analiwa na mimi kwa ugali. Ukiona kome kayang'arisha maji, ujue kuna mtu kakombewa sahani.

Waulize Wamarekani. Kome wawili wenye asili ya maeneo ya Bahari Nyeusi na Kaspi, yule wa milia na mwenzake anayeitwa kwaga, walifika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini wakiwa ndani ya maji ambayo meli hubeba tumboni ili zisiyumbe, kisha huyamwaga zikifika. Wa milia aligunduliwa 1988 katika Ziwa St. Clair, kwaga akaonekana mwaka uliofuata katika Ziwa Erie. Jike moja linaweza kutoa mayai hata milioni moja kwa mwaka. Wa milia anataka kitu kigumu cha kushikilia: mwamba, nguzo, bomba. Kwaga hana masharti. Analala hata juu ya matope, na anashuka kina cha zaidi ya mita 100. Ziwa letu lenyewe, pamoja na ukubwa wake wote, kina chake kirefu kabisa ni kama mita 80.

Maji kule yakasafika kweli. Wapiga mbizi wakawa wanaziona meli zilizozama zamani, watu wakafurahi. Lakini kwenye tope la chini palikuwa na kijidudu kiitwacho Diporeia, jamaa wa mbali wa uduvi wetu, ambacho mahali pengine ulikuta maelfu kwenye mita moja ya mraba. Kome waliposambaa, kikatoweka karibu kote isipokuwa Ziwa Superior. Kuna samaki wa huko, whitefish, ambaye kijidudu hicho ndicho kilikuwa mlo wake. Njaa ikamfanya aanze kuwala kome wenyewe, na magamba yao. Akakonda. Hebu fikiria kushiba makopo. Katika Ziwa Huron, mwaka 2003 na 2004 yule samaki mdogo anayeitwa alewife aliporomoka, na samoni waliokuwa wakimtegemea wakamfuata. Watafiti wanasema samoni wenyewe nao walikuwa wengi mno, wakamla kupita kiasi, sawa. Ila mezani chakula kilikuwa kimeshapungua. Sasa pale penye alewife weka dagaa, penye samoni weka sangara, halafu urudi Mwaloni uhesabu watu: wanaoanika, wanaochekecha, wanaobeba, wenye magari ya kwenda Kongo.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki. Kome ni mchaguzi. Kule Marekani ilionekana kwamba wanameza vijimea vizuri na kuvitema vile vya Microcystis, wale wa kundi lenye sumu wanaofanya maji yawe kama mlenda. Na Microcystis wamo humu humu kwenye ghuba ya Mwanza. Yaani tungempokonya dagaa chakula chake, halafu mlenda ukabaki palepale.

Kijana akanijibu kwamba samaki aitwaye kamongo atawala hao kome. Kweli kamongo anatafuna konokono na kome, na wapo furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, waliokuwa na taya za kuvunjia magamba. Lakini furu hao wengi walishaishia tumboni mwa sangara, na kamongo mwenyewe siku hizi unamsaka. Mwingine akasema maji yetu ni ya moto, hao ni wa baridi. Sawa, lakini yuko kome wa dhahabu kutoka Asia, ambaye joto halimtishi. Alionekana Río de la Plata, Amerika Kusini, mwaka 1991, akapanda mto Paraná hadi kwenye mitambo ya umeme ya Itaipu. Na mabomba je? Mji wa Monroe, Michigan, uliwahi kukosa maji mwaka 1989 kwa sababu kome waliziba bomba la kuvutia maji ziwani. Sisi nasi maji ya kunywa tunayavuta ziwani, pale Capri Point.

Mimi si adui wa kila kigeni. Karo yangu ya sekondari ililipwa na sangara, na sangara aliletwa ziwa hili miaka ya 1950 na watu waliokuwa na sababu nzuri tu: samaki mkubwa, nyama nyingi, fedha. Fedha ikaja kweli. Aina za furu zilizopotea hazikurudi, na mpaka leo hakuna aliyejua namna ya kumwambia sangara sasa basi. Magugu maji angalau unayaona. Unayavuta kwa mkono, unayaletea mbawakavu wakayatafuna. Kome aliyejibana kwenye matope mita 40 chini utamfuata na nini?

Mama akamaliza kupima, akaniongezea kiganja cha nyongeza. Kijana hakuridhika. "Sasa huu ukijani tuuache?" Nikamwambia aende siku ya mvua asimame juu ya daraja la Mirongo hapo mjini, aangalie kinachopita chini: chupa, nepi, maji ya sabuni, na yale ya vyooni ambayo watu hufungulia wakisikia ngurumo. Yote yanaingia ziwani, na hicho ndicho kinacholisha mlenda. Akacheka, akasema na kwao hufungulia.