Namba ya mtahiniwa ina sehemu mbili

Kijana mmoja wa kidato cha nne alikuja kwenye twisheni ya jioni ninayofundisha Nkuhungu, hapa Dodoma mjini. Kwao ni upande wa Bahi, mjini amefikia kwa shangazi yake. Siku hiyo tulikuwa kwenye osmosisi, nikauliza kwa nini nyama iliyopakwa chumvi hutoa maji na haiozi upesi. Akasimama, akaeleza kwa Kiswahili bila haraka: chumvi imejaa nje, basi maji yaliyo ndani ya nyama yanapita kwenye utando wa seli kuelekea huko. Halafu akaongeza kwamba hata vijidudu vinavyotua juu ya nyama vinanyonywa maji vivyo hivyo, ndiyo maana haviwezi kuzaliana. Hiyo ya vijidudu sikuwa nimeifundisha.

Wiki iliyofuata nikawapa swali lilelile kwenye karatasi, kwa Kiingereza, maana ndivyo mtihani wa taifa unavyokuja. Akaandika mistari mitatu, mmoja kaukata. Nikampa alama mbili kati ya kumi. Niliirudia karatasi ile mara kadhaa nikitafuta pa kumwongezea, sikupata. Alichokiandika kilistahili mbili.

Nimesimulia kisa hiki kwa sababu kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatoka mjadala huwa uleule: ni haki nafasi za vyuo vikuu kugawiwa kwa alama za mtihani peke yake? Walioshika upande mmoja wanasema mtihani ni uleule kwa wote, siku ileile, saa ileile, kwa hiyo malalamiko ya nini. Wengine wanasema mtihani huo unawapima watoto ambao hawakuwahi kuwa darasa moja. Mimi mwalimu wa Baiolojia nimewahi kuwa pande zote mbili, na bado naona kila upande una jambo ambalo mwenzake hataki kulisikia.

Nianze na wanaoutetea, maana siku hizi ni rahisi kuubeza mtihani.

Karatasi ya mtahiniwa haina jina. Ina namba. Anayesahihisha hajui kama mtoto ni Mgogo au Mrangi, Mkristo au Mwislamu, wala kama baba yake anauza mkaa au ni mkurugenzi. Tena msahihishaji mmoja hashiki karatasi nzima. Anasahihisha swali lake, karatasi inapita kwa mwenzake mwenye swali linalofuata, na kuendelea. Ukitaka kumbeba mtu, utambebea wapi? Katika nchi ambayo sote tunajua maana ya neno kimemo, mfumo unaoweza kufanya kazi bila kimemo ni mali kubwa. Wanaopendekeza vyuo vitumie usaili, barua za utambulisho au maelezo ya vipaji vya nje ya darasa wajiulize barua hizo zitaandikwa na nani, na mtoto wa mfugaji kule Chemba atapata nauli na shati la usaili kutoka wapi.

Tena jambo hili tulishalijaribu. Azimio la Musoma la mwaka 1974, la chama tawala TANU, liliweka sharti kwamba kijana asiende chuo kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Afanye kazi kwanza, kisha aje na mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Nia ilikuwa njema: chuo kipate watu wanaoijua nchi, siyo wanaojua vitabu tu. Lakini idadi ya wasichana walioingia chuoni ilishuka, kwa kuwa miaka ile ya kusubiri ndiyo ya kuolewa na kuzaa, na haikupita miaka mingi wakasamehewa sharti hilo. Baadaye utaratibu wenyewe ukaachwa. Somo lake kwangu ni kwamba ukiuondoa mtihani, haki haiji yenyewe kujaza pengo. Anayekuja ni yule mwenye uwezo wa kumkubali au kumkataa mtu kwa sababu asizolazimika kuzieleza.

Sasa upande wa pili.

Mtihani wetu haufanani na SAT ya Marekani, inayodai kupima uwezo wa jumla wa kusoma na kukokotoa. Huko nako wamegawanyika: Chuo Kikuu cha California kiliachana na mtihani huo, wakati MIT, chuo kikuu maarufu cha teknolojia, iliyousimamisha kipindi cha korona, iliurudisha mwaka 2022 ikisema bila alama hizo ni vigumu kuwatambua watoto wenye uwezo waliotoka shule duni. Hoja ya MIT naiheshimu, lakini kwetu haifiki mbali. Mitihani yetu ya kidato cha nne na cha sita inapima yaliyofundishwa. Asiyefundishwa hapimwi uwezo wake, anapimwa kama shule yake ilikuwa na mwalimu. Nimewahi kusimamia maandalizi ya mtihani wa vitendo wa Kemia katika shule moja ya kata ambako wanafunzi walishika bureti, ule mrija wa kioo wa kupimia vimiminika, kwa mara ya kwanza wiki moja kabla ya mtihani. Binti mmoja aliishika kwa mikono miwili kama anayebeba yai, akaniuliza maji yanatokea juu au chini. Mtihani wake ulikuwa halali kabisa, na alama aliyoipata ilikuwa halali.

Halafu kuna lugha. Mtoto wa kijijini huku kwetu anaanza na Kigogo nyumbani, anakutana na Kiswahili darasa la kwanza, anakaa nacho miaka saba, na kidato cha kwanza anaambiwa Jiografia na Baiolojia sasa ni kwa Kiingereza. Mwenzake aliyesoma shule ya Kiingereza pale mjini, mwendo wa saa moja hivi kwa basi kutoka Bahi, alianza lugha hiyo akiwa chekechea. Wakikaa kwenye mtihani mmoja, mmoja anajibu swali, mwingine anajibu swali na lugha ya swali. Nikiulizwa jambo moja linalouharibu mtihani wetu kuliko yote, nitataja hili, kabla ya maabara na kabla ya ada.

Na tusiseme kwamba mizani yenyewe haiguswi na mikono ya watu. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata ziro. Serikali ikaunda tume, matokeo yale yakaondolewa, alama zikapangwa upya, na watoto waliokuwa wameshalia wakajikuta wamefaulu. Muda si mrefu madaraja yakabadilishwa kuwa GPA, yaani wastani wa alama, na mwaka 2016 tukarudi kwenye divisheni. Kile tunachokiita ufaulu kina mstari, na mstari huo huchorwa ofisini. Wala sisemi wanaouchora wana nia mbaya. Nasema tu kwamba anayekosa chuo kwa pointi moja hajakosa kwa sheria ya maumbile.

Mtihani ukishakuwa mlango pekee, watu wazima nao huanza kuchungulia kwenye tundu la ufunguo. Mwaka 2018 matokeo ya darasa la saba ya shule zote za msingi za Halmashauri ya Chemba, mkoani kwetu, yalifutwa kwa udanganyifu, na watoto wakakaa tena kwenye mtihani mwezi Oktoba. Walioiba walikuwa wakubwa. Waliorudia walikuwa na miaka kumi na mitatu.

Kwa hiyo tuufute? Hapana, na hapa ndipo naachana na wenzangu wengi wenye uchungu kama wangu. Nataka mtihani ubaki, usahihishwe kwa namba vilevile. Ninachopinga ni namna tunavyoyasoma matokeo yake.

Mwezi Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa, na mojawapo ya hoja zake ilikuwa kwamba wanafunzi hawasomi katika mazingira yanayofanana. Niliifurahia hoja hiyo, kisha nikakaa nayo. Kama si haki kumpanga mtoto wa shule ya kata nyuma ya mtoto wa shule ya bweni yenye maabara tatu kwenye orodha ya magazetini, inakuwaje haki kuwapanga hivyohivyo kwenye orodha ya kuingia udaktari? Ya magazetini ilikuwa ya sifa tu. Ya chuo inaamua maisha.

Ninachopendekeza ni kidogo. Kima cha chini cha kuingia shahada kibaki kilivyo, yaani pointi nne katika masomo mawili, ambapo A ni tano na E ni moja, na kozi kama udaktari ziendelee kudai zaidi. Asiyefika hapo asiingie. Lakini kwenye kozi zenye ushindani, ambako waliotimiza sifa ni wengi kuliko viti, sehemu ya viti igawiwe kwa kulinganisha mwanafunzi na wenzake wa shule yake. Binti aliyepata pointi kumi na moja kwa masomo yake matatu katika shule ambayo wenzake wengi wamepata nne au tano amefanya jambo ambalo pointi kumi na tatu za shule nyingine hazilionyeshi.

Najua pingamizi zake, na moja inanisumbua kweli. Mwaka 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu katika Chuo Kikuu cha Dodoma, waliochukuliwa baada ya kidato cha nne, walirudishwa makwao. Kulikuwa na mgogoro wa walimu wao kutofundisha, na baadaye ikaja hoja ya sifa zao. Tuliwaona stendi na mabegi yao. Ukimfungulia mtu mlango kwa utaratibu usioandikwa vizuri, aibu ya utaratibu huo ataibeba yeye. Ndiyo maana sitaki sifa zishushwe wala programu ya dharura ianzishwe. Nataka kanuni iliyochapishwa, itakayowahusu waliokwisha kufaulu tu.

Wapo watakaosema wazazi wa mjini watahamishia watoto wao shule za vijijini mwaka wa mwisho ili wapate nafasi. Wengine watajaribu, sina shaka. Dawa yake ni kuangalia mtoto alikosoma tangu kidato cha kwanza, na kumbukumbu hizo zipo. Bodi ya Mikopo tayari inauliza kuhusu yatima, ulemavu na kaya zilizo kwenye mpango wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Nchi inakubali kumtazama mtoto na mazingira yake inapomkopesha. Inakataa kumtazama hivyo wakati wa kumchagua, na aliyekosa kuchaguliwa hana mkopo wa kuomba.

Wala hakuna fomu mpya ya kubuni. Mwombaji anapojaza maombi ya chuo huandika namba yake ya mtihani. Inaanza na herufi, ikifuatiwa na tarakimu nne za kituo alikofanyia mtihani, halafu mkwaju (/), halafu namba yake mwenyewe. Shule iko hapo, imeandikwa kabla ya mtoto.