Jeli za mwani na miti katika tiba: mwili hauzikatai, wala hauziyeyushi

Maabara nyingi zinazokuza seli za binadamu bado zinategemea uvimbe wa panya. Jeli iitwayo Matrigel, ambayo watafiti huzilaza seli ndani yake ili zikue kuelekea pande zote badala ya kutandaa chini ya kisahani, hutokana na aina ya saratani inayokuzwa katika miili ya panya. Kazi inaifanya vizuri, hakuna anayebisha. Lakini uchunguzi wa mwaka 2010 ulikuta ndani yake protini za aina zaidi ya 1,800, na mchanganyiko wake haufanani toleo kwa toleo. Kitu cha namna hiyo hakiwezi kupandikizwa kwa mgonjwa.

Ndiyo maana jeli za mimea zimepata watetezi, na hoja zao ni nzito. Nchini Finland, kampuni ya UPM, inayofahamika zaidi kwa karatasi na mbao, huchambua massa ya mti wa birch mpaka zibaki nyuzi za selulosi nyembamba kupita kiasi. Kiasi kidogo tu cha nyuzi hizo hutosha kuyafanya maji yawe jeli, na seli za binadamu hukua humo bila chembe yoyote ya mnyama. Selulosi hiyo hiyo imetengenezewa bandeji iliyojaribiwa Helsinki kwa wagonjwa waliobanduliwa ngozi ili ipandikizwe kwenye majeraha ya moto. Bandeji hushika kwenye kidonda, hukauka, na ngozi mpya ikishatokea chini yake hujiachia yenyewe. Aliyewahi kubanduliwa shashi iliyogandamana na nyama mbichi anajua hiyo ni nafuu kubwa kiasi gani. Kuna suala la imani pia: kolajeni nyingi ya kitabibu, yaani protini inayoshikilia tishu, hutoka kwa ng'ombe au nguruwe, na Mwislamu wa Mombasa au Mhindu wa Dar es Salaam ana haki ya kuuliza anawekewa nini mwilini.

Kisha kuna alginati, ambayo hutolewa kwenye mwani wa kahawia wa bahari za baridi na imejulikana tangu mwaka 1881. (Wanabiolojia watasema mwani huo si mmea kamili. Ni kweli, ila katika mjadala huu unakaa kundi moja na mimea.) Madini ya kalsiamu huzifunga nyuzinyuzi zake zikawa imara. Bandeji ya alginati ikikutana na majimaji ya kidonda, sodiamu iliyomo humo huchukua nafasi ya kalsiamu, nyuzi zinalainika, na bandeji inatoka bila kuichana nyama changa.

Hadi hapo naungana na watetezi. Tunaachana pale wanapotoka juu ya ngozi na kuingia ndani ya mwili.

Seli zetu hujishikiza kwa kutumia protini fulani, na alginati na selulosi hazina protini hizo. Seli huelea tu humo, na tangu miaka ya 1990 watafiti wamekuwa wakiibandika alginati vipande vya protini ili zipate pa kushika. Zaidi ya hayo, binadamu hana kimeng'enya cha kuivunja alginati wala selulosi. Sifa inayofanya mwili usizishambulie sana, yaani kwamba ni kitu ambacho hauna namna ya kukishughulikia, ndiyo inayozifanya zibaki pale pale wakati tishu mpya inataka nafasi. Kwa kazi chache hilo ni faida. Mwaka 1980 watafiti wawili, Lim na Sun, walizifungia seli za kongosho ndani ya vidonge vidogo vya alginati, wakawawekea panya wenye kisukari, na sukari yao ikadhibitiwa kwa wiki kadhaa. Pale ukuta ulitakiwa ubaki. Hata hivyo, katika majaribio mengi yaliyofuata mwili umevizungushia vidonge hivyo kovu na kuzinyima seli hewa.

Mfano unaonisumbua zaidi ni wa moyo. Jeli ya alginati iliyowapa wanyama matokeo mazuri ilipelekwa kwa binadamu: wagonjwa 303 waliotoka kupata mshtuko wa moyo waligawanywa, wengine wakapewa jeli hiyo kupitia mishipa ya moyo, wengine maji ya chumvi. Matokeo yalitoka mwaka 2016, na jeli haikuuzuia moyo kutanuka kuliko maji ya chumvi. Hata bandeji zenyewe zinahitaji kiasi katika sifa: mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, kuhusu vidonda vya miguu vya kisukari hayakupata ushahidi kwamba za alginati huponya haraka kuliko bandeji nyingine. Kubanduka bila maumivu ni jambo moja, kuponya haraka ni jingine.

Na hoja ya watetezi kwamba jeli hizi ni za bei rahisi? Mwani ni rahisi. Alginati ya kuwekwa mwilini lazima isafishwe protini na sumu za bakteria, na usafishaji huo ndio unaokula fedha.

Nalisema hili nikiwafikiria wakulima wa Paje na Jambiani kule Zanzibar, wengi wao wanawake, ambao tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 wamekuwa wakiuza mwani mkavu nje kwa bei ya chini. Wakisikia mwani unatengeneza tishu, watatumaini. Wanastahili kuambiwa ukweli: mwani wao ni mwekundu, wa aina za spinosum na kotoni, na hutoa jeli nyingine iitwayo karajini, si alginati. Karajini nayo inachunguzwa kwa tiba ya tishu, lakini aina yake mojawapo ndiyo inayochomwa kwenye nyayo za panya ili zivimbe, dawa za uvimbe zipate kupimwa. Aina hazifanani, kwa hiyo kila moja idai ushahidi wake.

Serikali ikitaka Zanzibar iingie katika soko hili, ianze na mtambo wa kuchuja na maabara ya kupima usafi, kisha bandeji. Ahadi ya viungo vya kupandikiza isubiri majaribio ya binadamu yatakayofaulu.