Nyoka wa Juni: Mume Ndiye Mgonjwa Tuliyemsahau

Watu wakimaliza kuitazama filamu ya Kijapani Rokugatsu no Hebi, yaani Nyoka wa Juni, hugawanyika hata kabla hawajakubaliana wameona nini. Mmoja atakuambia hajawahi kuona filamu iliyoisema ndoa kwa ukweli kiasi kile. Wa pili atasema ni dakika 77 za mwanamume kumdhalilisha mwanamke, halafu tunatakiwa tumshukuru mdhalilishaji. Wa tatu kachoka tu: bluu mwanzo hadi mwisho, mvua isiyokatika, na tamati asiyoielewa. Mwongozaji Shinya Tsukamoto aliitoa mwaka 2002, ikapata tuzo maalumu ya majaji katika kitengo cha Controcorrente kwenye tamasha la Venice, na zaidi ya miaka 20 baadaye mabishano hayajapoa. Mimi nina upande wangu, na sitauficha.

Kisa chenyewe ni kifupi. Rinko ni mshauri nasaha, anapokea simu za watu waliokata tamaa. Anaishi Tokyo na mumewe Shigehiko, mwanamume aliyemzidi umri kwa mbali, mnene, mwenye upara, na mwenye usafi uliopitiliza. Bafu analisugua, mtaro wa maji machafu anausugua, mkewe hamgusi. Hawagombani wala hawatukanani. Wanaheshimiana kama wapangaji wawili waliozoeana. Siku moja Rinko analetewa bahasha yenye picha zake, zilizopigwa kwa siri, akijistarehesha peke yake nyumbani. Aliyezituma ni Iguchi, mpiga picha aliyewahi kumpigia simu akitaka kujiua, na Rinko akamrudisha kwenye uhai kwa maneno yake. Sasa anadai analipa fadhila. Anamwamuru Rinko avae sketi fupi aliyoificha kabatini, apite nayo barabarani mbele za watu, atende hadharani yale anayoyatamani faraghani, ndipo atakapopewa negativu zake.

Hapo ndipo wapinzani wa filamu hii wanapogoma kusonga mbele, na hoja yao ina uzito. Oktoba 1999, mwanafunzi wa chuo kikuu aliuawa nje ya kituo cha reli cha Okegawa, mkoani Saitama, baada ya kuandamwa na kutishwa kwa miezi na aliyekuwa mpenzi wake pamoja na watu wake. Familia ilikwenda polisi, polisi wakalipuuza jambo. Ghadhabu ya umma ilikuwa kubwa hata sheria ya kuwadhibiti wanaoandama watu ikapitishwa Mei 2000 na kuanza kutumika Novemba mwaka uleule. Kwa hiyo mwanamke wa Kijapani aliyeitazama filamu hii ilipotoka hakuhitaji kufafanuliwa maana ya mtu asiyemjua kuwa na picha zake. Na hofu hiyo haijazeeka, kwani sheria ya kitaifa ya kuwaadhibu wanaopiga picha za siri za utupu imekuja mwaka 2023. Ongeza na hili: Tsukamoto aliandika filamu, akaiongoza, akashika kamera, akaihariri, kisha akaigiza mwenyewe kama Iguchi. Anayesema mwongozaji amejipa kiti cha mnyanyasaji hajakosea. Katika matembezi yale ya barabarani kamera inamtazama Rinko kwa jicho la Iguchi, na sisi watazamaji tunavutwa tulitumie jicho hilohilo. Asuka Kurosawa, anayemwigiza Rinko, anaionyesha aibu ile kwa mwili mzima, magoti yanamgongana, na kuna sekunde kadhaa ambapo nami nilitamani filamu ikome.

Lakini haikomi, na wengi wa wanaoilaani wanazungumza kana kwamba ilikomea pale. Tsukamoto ameigawa kwa alama za jinsia, ya kike kwanza, kisha ya kiume. Sehemu ya kwanza ikiisha, Iguchi anasukumwa pembeni na uzito wa kisa unamwangukia Shigehiko, mume mwema, msafi, asiyemtisha mtu. Katikati ya sehemu hizo mbili kuna jambo ambalo nashangaa kuona likipitwa haraka hivyo: Rinko ana saratani ya titi. Anayemhimiza akapimwe ni Iguchi, ambaye naye saratani inammaliza.

Daktari anasema titi liondolewe. Mume anapopata habari, kinachomtoka kwanza ni kinyaa. Hatamki neno baya, hatupi kitu, hamkaripii mtu. Anasinyaa tu, kama alivyokuwa akisinyaa mbele ya uchafu wa bafuni. Rinko analisoma hilo usoni mwake na kuamua hatakatwa. Tuliangalie vizuri. Mwanamke yuko tayari kufa ili asiingize mwili wenye kovu ndani ya nyumba safi ya mumewe. Iguchi alimtisha kwa picha, na ni uovu. Shigehiko hakumtisha kwa lolote, na ndiye aliyekaribia kumuua. Ukatili wa kwanza tunautambua mara moja kwa sababu una bahasha, simu na amri. Wa pili unavaa suti, unaondoka asubuhi kwenda kazini, na ukirudi unauliza chakula kiko wapi.

Japani wana neno lao kwa ndoa za aina hii, sekkusuresu, na wataalamu wao wa masuala ya kujamiiana waliliwekea kipimo mwaka 1994: wanandoa wasiokutana kimwili kwa mwezi mmoja au zaidi bila sababu maalumu. Chama cha Uzazi wa Mpango cha Japani kilipowauliza wanandoa mwaka 2004, waliojikuta katika kipimo hicho walikuwa asilimia 31.9. Mwaka 2016 walifika asilimia 47.2. Magazeti ya nje huzipenda takwimu hizi, huzichapa kama kioja cha Wajapani wasiopenda mapenzi, kisha habari inaishia hapo. Mimi zinanisumbua kwa namna nyingine, na ni Nyoka wa Juni iliyonifundisha kusumbuka. Kiswahili kina neno unyumba, na neno hilo limetoka kwenye nyumba. Asilimia 47.2 ni nyumba ngapi ambamo mwili wa mtu hautazamwi na yeyote? Uvimbe unakua mahali ambapo mkono wa mwenzi haupiti. Rinko ameolewa, analala chini ya paa moja na mumewe, na bado wa kwanza kushtukia kuwa mwili wake una hatari ni mtu baki. Hili si sifa kwa Iguchi. Ni shtaka dhidi ya Shigehiko, na ndilo shtaka zito kuliko yote katika filamu.

Leo takriban mwanamke 1 kati ya 9 nchini Japani hupata saratani ya titi katika maisha yake. Bima ya afya ya taifa ilianza kugharimia titi la bandia baada ya upasuaji mwaka 2013 tu, miaka 11 baada ya filamu hii. Maana yake ni kwamba Rinko wa 2002 aliyetaka kiungo hicho angekilipia mwenyewe, na asipoweza, abaki na kovu analoona mumewe anakwepa kulitazama. Ukiyajua haya, ile kauli kwamba saratani imechomekwa tu ili kuipa filamu ya ashiki sura ya heshima inakosa pa kusimama.

Kuhusu rangi, sitabishana sana. Tsukamoto alipiga picha kwa filamu nyeusi na nyeupe, kisha akazitia bluu. Masika ya Tokyo, tsuyu, huingia Juni. Kila ukuta unatoka jasho, maua ya haidranjea yanachanua, konokono anapanda majani. Kwa mume anayepigana na unyevu usiku na mchana, mji mzima umekuwa adui. Anayeona bluu ile ni urembo mtupu namwomba aitazame tena akimfikiria Shigehiko. Ila nakiri kuna mahali mtindo unakula hadithi. Ule ukumbi ambamo wanaume waliofungwa wamevalishwa koni usoni, wakilazimishwa kutazama, na lile dude la chuma kama nyoka linalomtoka Iguchi mwilini, ni mabaki ya Tsukamoto wa Tetsuo, filamu yake ya 1989 ya mtu anayegeuka chuma. Hapo waliochoka wana haki ya kuchoka.

Lawama nyingine iwaendee waliouza filamu. Nchini Uingereza ilifikishwa sokoni chini ya nembo ya Asia Extreme ya kampuni ya Tartan, kapu moja na filamu za vitisho na umwagaji damu. Mtu aliyelipia taharuki na uchi akakuta ndoa inayooza polepole lazima ajihisi ametapeliwa. Na yule ambaye filamu ingemgusa moyo, kwa kuona nembo ile, hakuigusa kabisa.

Nirudi kwa wapinzani, maana kuna swali lao ambalo sijalijibu na sitajifanya nimelijibu. Je, ilikuwa lazima Rinko aamshwe kwa vitisho? Watetezi wenzangu hujibu kwamba baadaye anarudi mbele ya kamera kwa hiari yake. Ni kweli: usiku wa mvua, kichochoroni, hakuna amri tena, na yeye ndiye anayeamua asimame vipi na avue nini. Kurosawa hapo hana hata chembe ya yule mwanamke wa magoti yanayogongana. Lakini hiari iliyotanguliwa na vitisho haifuti vitisho, na filamu ingekuwa na nguvu zaidi kama ingemwacha Rinko amkasirikie Iguchi walau mara moja, kwa sauti. Haikufanya hivyo. Ni kasoro, na ni kasoro ya mwanamume aliyeiandika.

Hata hivyo, tukio hilohilo ndilo ninalolirudia. Taa ya kamera inamulika, giza, inamulika tena, na Rinko anacheka usoni mwa mvua. Kando, nyuma ya kona, Shigehiko amejibanza, amemfuata mkewe kwa siri. Yuji Kotari, anayemwigiza, ni mwandishi wa makala aliyeingia katika uigizaji kutoka nje, na labda ndiyo maana uso wake hauna ufundi wa kujificha. Suti imelowa, viatu vimejaa maji ya mtaroni, yale aliyotumia maisha yake kuyasugua. Hajifuti. Anamtazama mkewe, mwili mzima, na titi lile, na kwa mara ya kwanza hageuzi macho.